Helena, mhudumu wa nyumba ya wageni



Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Helena kila tarehe 18 Agosti, na kila mwaka siku hiyo hupita kimya. Mama zetu wenye jina hilo hupata salamu mbili tatu, basi. Tukiulizwa habari zake, wengi tunajua jambo moja tu: alikwenda Yerusalemu akautafuta Msalaba. Jumapili hii napenda kuwasimulia maisha yake tangu mwanzo, nikianzia mahali ambapo mahubiri yetu huwa hayaanzii, yaani kwenye mkebe wa sarafu ulioko mezani pangu hapa Same.

Mkebe huo niliachiwa na mwalimu wetu wa Kilatini seminarini, mmisionari mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Ni mkebe wa kahawa, na ndani yake mna bahasha ndogo ndogo zenye sarafu za ukoo mmoja tu wa makaisari wa Roma, ukoo wa Konstantino. Tulipomuuliza kwa nini ukoo huo, alitujibu kwamba ndio aliokuwa na uwezo wa kuununua. Mimi ni Mpare, na ndugu zangu wa makabila mengine wanaotutania kwa ubahili wana ruhusa ya kucheka hapa. Lakini alisema kweli. Watu hudhani kitu chenye miaka 1,700 lazima kiwe na bei ya shamba. Za dhahabu ndivyo zilivyo. Zile ndogo za shaba zilipigwa kwa mamilioni, katika karakana zilizotawanyika kuanzia London hadi Antiokia na Aleksandria, na watu walizifukia kwenye vyungu kila waliposikia vita inakaribia. Ndiyo maana hadi leo, huko Ulaya, sarafu ya Konstantino iliyochakaa hupatikana kwa bei isiyozidi ya jogoo mmoja wa soko letu la Same, na ya mama yake Helena kwa bei ya majogoo wawili au watatu.

Mwalimu alitufundisha kuzisoma. Upande mmoja kuna kichwa na jina. Upande wa pili kuna picha na maneno ambayo serikali ilitaka watu wayaamini. Na chini kabisa herufi chache za karakana. Kipande cha shaba kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kikapigwa nyundo. Wahenga wetu Washana, waliofua chuma kule Ugweno, wangeielewa kazi hiyo kwa kuitazama mara moja. Alituonya pia tusinunue kitu kwa mtu asiyeweza kueleza alikitoa wapi. Nami nawaongezea vijana wanaochimba misingi na mitaro: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka anayefukua kitu cha kale atoe taarifa, si akiuze kando ya barabara.

Wala msidhani mambo haya yako mbali nasi sana. Mwaka 1912 Mwingereza mmoja aitwaye Haywood alifika Bur Gao, pwani ya kusini mwa Somalia, ambayo wakati huo ilihesabiwa kuwa Afrika Mashariki ya Waingereza. Baadaye alionyesha sarafu alizosema alizipata pale, na miongoni mwake zilikuwamo za Konstantino na wanawe. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama kweli zilitoka katika ardhi ile. Lisilobishaniwa ni kwamba mjukuu wa Helena, Kaisari Constantius wa Pili, alimwandikia barua mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, juu ya askofu wake Frumentius, na kwamba Ezana huyo alitia msalaba kwenye sarafu zake mwenyewe.

Sasa Helena.

Alizaliwa yapata mwaka 248, na inasadikiwa kwamba ni Drepanum, mji mdogo wa bandari kwenye ghuba ya Nikomedia, katika Uturuki ya leo. Hatujui jina la baba yake wala la mama yake. Tunajua kazi yake, na tunaijua kwa sababu Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, aliitaja waziwazi kanisani mwaka 395, alipokuwa akihubiri kwenye mazishi ya Kaisari Theodosius. Alitumia neno la Kilatini stabularia, yaani mwanamke wa nyumba ya wageni, pale wasafiri wanapofunga farasi, wanapokula na kulala. Maadui wa ukoo ule walilitumia neno hilo kama tusi. Ambrosi alilichukua tusi hilo akalifanya sifa.

Sisi wa Same hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mji wetu umekaa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, na mabasi na malori hayajawahi kukoma kupita. Mabinti wanashuka kutoka Mamba, Gonja, Chome na Mbaga, mikoba mkononi, wanaajiriwa kwenye gesti na migahawa. Wanafua mashuka, wanapika makande na wali, wanaamka usiku kumfungulia mgeni mlango. Na tunajua jinsi wanavyosemwa. Kuna waamini wazuri kabisa, wanajumuiya wa kila wiki, ambao wakisikia kwamba msichana fulani ni mhudumu wa gesti hawaulizi swali la pili.

Katika nyumba kama hiyo alipita askari mmoja aitwaye Constantius, mtu wa nchi za mto Danube, kijana anayepanda vyeo. Wakaishi pamoja. Je, walifunga ndoa? Waandishi wa kale hawakubaliani. Wapo wanaomwita Helena mke. Wapo wanaosema alikuwa mwanamke wa kinyumba tu, na mmoja wao ni Mtakatifu Jeromu, ambaye hakuwa na tabia ya kupamba maneno. Sheria ya Roma iliona ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye cheo kuishi na mwanamke wa hali ya chini bila kumwoa. Mimi naona Jeromu huenda alikuwa sahihi, na sioni kwamba utakatifu wa Helena unapungua hata chembe.

Mtoto wao alizaliwa Naissus, ambao leo ni mji wa Niš nchini Serbia, tarehe 27 Februari, yapata mwaka 272. Wakamwita Konstantino. Kwa takribani miaka ishirini Helena alimfuata Constantius au alimngojea, kama wanavyofanya wake wa askari. Kisha Constantius akafika karibu na kilele. Makaisari walikuwa wanatafuta wasaidizi, na aliyetaka kuingia katika jamaa yao ilimpasa aoe ndani yake. Kabla ya mwaka 293, mwaka ambao aliinuliwa kuwa kaisari mdogo wa nchi za magharibi, alimwacha Helena akamwoa Theodora, binti wa Kaisari Maximianus, au binti wa kambo kama wengine wasemavyo. Theodora alimzalia watoto sita.

Hapa naomba niache Roma kidogo.

Nilipokuwa padre kijana katika parokia moja ya milimani, nilitangaza ndoa ya mwanamume mmoja Jumapili tatu mfululizo, kama tulivyozoea. Niliwauliza waamini kama kuna anayejua kizuizi. Kanisa zima lilikaa kimya. Kanisa zima lilijua kwamba mwanamume huyo alikuwa ameishi miaka tisa na msichana aliyempata gesti huku Same, na kwamba walikuwa na mtoto wa kiume. Mimi pia nilikuwa nimesikia. Lakini kwa sheria ya Kanisa hakukuwa na kizuizi: hawakuwahi kufunga ndoa, na bibi harusi alitoka familia nzuri iliyolijenga kanisa letu. Nikafungisha ndoa. Sikumtafuta yule wa kwanza kumuuliza mtoto anakula nini. Miaka mingi baadaye nilialikwa kuongoza mazishi ya mwanamume huyo. Nilipewa wasifu wa marehemu niusome; ulimtaja mjane na watoto sita. Niliusoma kama ulivyoandikwa. Nyuma kabisa, chini ya mgomba, alikuwa amesimama mwanamke mmoja na kijana mrefu mwenye sura ya marehemu, na macho yangu na yake yalikutana katikati ya sentensi.

Nasimulia haya kwa ruhusa yake. Sikuyasikia katika kitubio, na nimebadili mambo madogo madogo asitambulike.

Turudi kwa Helena. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna mwandishi anayemtaja. Mwanawe alichukuliwa akakulia kambini na katika jumba la kaisari huko Nikomedia, ng'ambo tu ya ghuba kutoka Drepanum. Mama alikuwa wapi, anaishi kwa nini, hakuna aliyeona inafaa kuandika.

Tarehe 25 Julai mwaka 306 Constantius alifariki York, Uingereza, na askari wakamtangaza Konstantino kuwa kaisari. Konstantino akamtafuta mama yake akamweka jumbani. Mwaka 312 alishinda vita kwenye Daraja la Milvio nje ya Roma, akiamini ni kwa nguvu za Kristo, na mwaka uliofuata Wakristo wakapewa uhuru wa kuabudu. Eusebius, askofu wa Kaisaria aliyeandika maisha ya Konstantino, anasema ni mwana aliyemleta mama kwenye imani. Basi Helena alikuwa mkatekumeni akiwa na zaidi ya miaka sitini. Wazee wetu wanaoona haya kukaa darasa moja na watoto wa Komunyo ya Kwanza wana msimamizi wao mbinguni.

Lakini jumba lile halikuwa na amani. Konstantino naye alikuwa na mtoto wa kwanza, Crispus, kwa mwanamke aitwaye Minervina, ambaye hali yake ya ndoa ina utata uleule. Kisha mwaka 307 alimwoa Fausta, binti wa Maximianus. Tafakarini: mkwe wa Helena alikuwa ndugu wa Theodora. Helena alikaa meza moja na familia iliyomwondoa nyumbani kwake.

Yapata mwaka 324 Konstantino aliwapa mama yake na mke wake cheo cha Augusta, na karakana zikaanza kupiga sarafu zao. Ninayo moja ya Helena, ndogo kidogo kuliko shilingi hamsini yetu. Nywele zimesukwa zikazungushwa kichwani, pua ndefu, shingo imevaa mkufu, uso wa mama asiyetaka mchezo. Nyuma kuna mwanamke ameshika tawi, na maneno yanayosema usalama wa taifa. Herufi za chini zinaonyesha ilipigwa Nikomedia. Ndiyo kusema kwamba wachuuzi wa Drepanum walirudishiana chenji yenye uso wa yule aliyewahi kuwahudumia wageni wao. Sarafu ya Fausta iko bahasha ya jirani. Nyuma yake kuna mama amewapakata watoto wawili. Na ya Crispus, kijana shupavu aliyeongoza merikebu za baba yake kupata ushindi mwaka 324.

Mwaka 326 Konstantino aliamuru Crispus auawe, huko Pola, katika Kroatia ya leo. Sababu imefichwa vizuri. Muda mfupi baadaye Fausta naye alikufa, na waandishi wa kale wanasema ni katika chumba cha kuogea kilichopashwa moto kupita kiasi. Wanasema pia kwamba Helena alimlilia mjukuu wake kwa uchungu mkali na akamlaumu mwanawe, na kwamba kilio chake ndicho kilichomgeuza Konstantino dhidi ya Fausta. Kama ni hivyo, mtakatifu wetu hakutoka katika mambo hayo akiwa na mikono mikavu. Sipendi kulipita jambo hili haraka kama vijitabu vya sala vinavyofanya. Sarafu za Fausta na Crispus zinakoma hapo. Za Helena ziliendelea.

Ni baada ya hayo, akikaribia miaka themanini, Helena aliondoka kwenda Nchi Takatifu. Barabara za wakati ule zilikuwa ngumu hata kwa mama wa kaisari. Kwa nini alikwenda? Eusebius anasema ni kusali na kushukuru kwa ajili ya mwanawe na wajukuu zake. Nafikiri bibi aliyempoteza mjukuu kwa mkono wa mwanawe mwenyewe alikuwa na sala nyingine pia. Alishughulikia kanisa la Bethlehemu, kwenye pango la Kuzaliwa, na lile la Mlima wa Mizeituni. Kila alipopita aligawa fedha na nguo kwa maskini, na kwa agizo lake walifunguliwa wafungwa, watu waliopelekwa kutumika migodini, na waliohamishwa makwao. Nadhani aliwajua watu wa namna hiyo tangu ujana wake. Nyumba ya wageni inapokea kila mtu.

Habari ya Msalaba, Eusebius haitaji katika safari ya Helena. Kufikia katikati ya karne ile Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu alikuwa akiongelea mti wa Msalaba kama kitu kilichokwisha kusambaa duniani, na ni Ambrosi, katika mahubiri yale yale ya mazishi, anayetusimulia kwamba Helena ndiye aliyeuona. Mapokeo ya Kanisa yameshika hivyo. Mimi nafurahi kwamba mtu aliyemwita mhudumu wa nyumba ya wageni na mtu aliyemkabidhi Msalaba ni yule yule, katika hotuba moja.

Helena alifariki yapata mwaka 330, mwanawe akiwa kando yake. Alizikwa Roma, nje ya mji, katika jeneza la jiwe jekundu la thamani lililochongwa wapanda farasi na mateka wa vita. Leo liko katika Makumbusho ya Vatikano. Ni wazi jiwe lile lilitengenezwa kwa ajili ya mwanamume. Mji wa Drepanum ulibadilishwa jina ukaitwa Helenopolis. Konstantino mwenyewe, alipougua mwaka 337, alikwenda kusali katika mji huo wa mama yake, na kutoka hapo akasogea karibu na Nikomedia, akabatizwa, akafariki tarehe 22 Mei.

Miezi michache baadaye askari waliwaua wazao wa kiume wa Theodora, wana na wajukuu, kusudi ufalme ubaki kwa wana watatu wa Konstantino. Vijana wachache tu waliponea chupuchupu, wakiwamo Gallus na Julian. Na katika miaka hiyo hiyo, kati ya 337 na 340, karakana za wajukuu wa Helena zilitoa sarafu mbili ndogo sana, kila moja kubwa kidogo tu kuliko kifungo cha shati. Moja ni ya Helena, na nyuma yake maneno ya amani ya umma. Nyingine ni ya Theodora, na nyuma yake mama anayemnyonyesha mtoto. Wanahistoria hutofautiana kueleza kwa nini waliomwaga damu ya nyumba ya Theodora walimpa heshima hiyo. Sisi wanafunzi wa Kilatini tuliona jambo jingine: majina hayakuandikwa Helena na Theodora kama kawaida, bali Helenae na Theodorae, kwa Helena, kwa Theodora, kama kitu unachomtolea mtu. Mwalimu wetu alizihifadhi mbili hizo katika bahasha moja.

Yule mama wa chini ya mgomba alikuja kwangu wiki mbili baada ya mazishi. Sasa ana genge lake la chakula karibu na stendi, na kijana wake amemjengea nyumba. Alikuja kuuliza kama anaweza kutoa nia ya Misa kwa ajili ya marehemu, na kama jina lake linaweza kutajwa kuwa ndiye aliyeitoa. Nilimwambia linaweza. Nilimwomba radhi kwa Jumapili zile tatu na kwa wasifu ule. Hakunijibu moja kwa moja. Aliulizia mkebe ulikuwa na nini.

Nikamfungulia bahasha ile. Nilimsimulia kwa kifupi haya niliyowasimulia ninyi. Alizishika sarafu zote mbili kwenye kiganja, akauliza Theodora ni yupi. Nikamwonyesha. Akauliza alikuwa na watoto wangapi, nikasema sita. Akauliza waliishia wapi, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, akamtazama yule mama anayenyonyesha. Kisha akazirudisha zote mbili katika bahasha moja kama alivyozikuta, akatoa noti aliyoikunja kwenye khanga, na akaniomba niandike vizuri jina la Misa: la marehemu kwanza, na baada yake la mjane wake, kwa kuwa alisikia hali yake siyo nzuri.